Uzi: Siagi ya shamba ya Kiayalandi, ya kusukasuka kwa mkono. Nimefundishwa na bibi ninayemtunza

Msukuma_Cork (#1)

Wakuu, salamu kutoka Ayalandi. Mvua inanyesha, jana ilinyesha, na kesho nawaahidi itanyesha.

Niko kaunti ya Cork, kusini magharibi. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Mmoja ni bibi wa miaka 88, mtoto wa mkulima, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi lakini ulimi hauna hata dalili ya uzee. Siku moja nimempakia siagi ya dukani kwenye mkate, akatafuna kidogo, akasema haina ladha ya kitu chochote. Mimi nikaropoka kwamba bibi yangu kule Shinyanga alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Akaweka kikombe chini, akaniangalia kama vile ndiyo kwanza nimeingia mlangoni. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye banda la nyuma natoa pipa la mama yake chini ya magunia na tairi la baiskeli.

Hilo pipa kwa Kiayalandi wanaliita cuinneog. Ni la mbao, limefungwa pete za chuma kama pipa la mvinyo, chini pana na juu jembamba, urefu unanifika kiunoni. Kifuniko kina tundu katikati, na kwenye tundu unapita mti mrefu ambao mwisho wake una msalaba wa mbao wenye matundu. Kwa kweli ni kinu na mchi, tofauti ni kwamba hapa hutwangi kitu, unapiga malai, yaani krimu ya maziwa.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanadhani siagi inaanza kwenye pipa. Inaanza siku kadhaa kabla. Zamani maziwa yalimwagwa kwenye mabakuli mapana ya udongo, yenye kina kifupi, yakaachwa kwenye chumba cha maziwa: chumba cha upande wa kaskazini usiopigwa jua, sakafu ya mawe, kuta za chokaa, na hakuna ruhusa ya kuweka kitunguu humo wala samaki, maana malai yanashika harufu kuliko nguo. Baada ya usiku mmoja au mchana na usiku, malai yamepanda juu, unayaengua kwa kijiko bapa chenye matundu. Unayaweka kwenye chungu. Kesho unaengua mengine, unaongeza, unakoroga mpaka chini. Hivyo hivyo mpaka wiki inakaribia kwisha. Humo ndani malai yanachachuka taratibu, na hapo ndipo ladha inapozaliwa. Siagi ya malai mabichi ni mafuta matamu tu. Ya malai yaliyochachuka ina ile harufu ya karanga na mtindi kwa mbali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Asubuhi ya kusukasuka niliongeza malai mapya yaliyotoka kuenguliwa, nikijua naongeza mavuno. Bibi hakuniona. Kumbe malai mabichi na yaliyochachuka hayatoi siagi kwa wakati mmoja. Yale yaliyochachuka yalitoa, mabichi yakaondoka na maji. Toka siku hiyo, saa 12 za mwisho haingii kitu kipya kwenye chungu.

Naendelea nikitoka zamu.

Kibuyu Kikavu (#2)

Msukuma unasukuma mchi Ulaya. Jina limepata mwenyewe. Nasubiri mwendelezo.

Fundi Jiko (#3)

Mkuu mbona mzunguko wote huo? Mimi natia krimu kwenye blenda dakika tano, siagi hiyo hapo.

Inyambo (#4)

Nipo Huye, Rwanda. Kwetu kitendo hiki ni gucunda, na chombo ni igisabo, kibuyu kikubwa unachokalia chini ukakilaza na kukiyumbisha mbele na nyuma. Tofauti ninayoiona: sisi tunasukasuka maziwa yote yaliyoganda, hatuengui malai kwanza. Yanayobaki ni amacunda, na watoto wanagombania. Huko Ayalandi yanayobaki wanafanyia nini?

Msukuma_Cork (#5)

Inyambo, hata hapa Ayalandi, hasa sehemu za kaskazini, walisukasuka maziwa yote. Kusini ndiyo walikuwa watu wa malai. Yanayobaki wanayaita bláthach. Wanayanywa, tena shambani wakati wa kuvuna yalikuwa ndiyo soda yao, na wanayakandia mkate. Ule mkate wao wa magadi: asidi ya bláthach ikikutana na magadi ya kupikia, unga unaumuka bila hamira. Magadi yenyewe yaliingia huku miaka ya 1830, na kwa kuwa kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na bláthach, mkate ukawa wa kila mtu.

Fundi Jiko, blenda inatoa siagi, sikatai. Ila soma hapa chini ndipo utajua kwa nini ya kwako inaota harufu siku ya tatu.

Twende kwenye pipa. Kwanza unalimwagia maji ya moto, unazungusha, unamwaga, halafu maji ya baridi. Mbao kavu inanyonya malai na siagi inaganda ukutani. Mbao iliyoshiba maji haishiki kitu. Mchi na vibao vya kukandamizia siagi navyo hivyo hivyo.

Pili, joto. Wakuu, nikiambiwa nibakize neno moja tu katika uzi huu ni hili. Siyo nguvu, ni joto. Malai yawe kati ya nyuzi 13 na 16. Kiangazi shika upande wa chini, baridi kali shika upande wa juu. Yakiwa ya moto zaidi, siagi inakuja haraka, unafurahi, kumbe ni laini kama mafuta ya kupaka, nyeupe, na nusu ya mafuta imebaki kwenye maji. Yakiwa ya baridi zaidi unapiga povu. Povu linapanda, linajaa pipa, unapiga saa nzima na hakuna kitu. Mimi nilipiga saa moja na robo siku ya kwanza, bega linaimba, na bibi yuko kwenye kiti chake anakunywa chai ananiambia "bado." Alijua tangu mwanzo kwamba chumba kilikuwa cha baridi. Alitaka nijue mwenyewe.

Zamani hawakuwa na kipimajoto. Kiangazi walishusha chungu kisimani kwa kamba usiku kucha. Baridi walikisogeza karibu na moto. Kulikuwa na wavivu waliotia maji ya moto moja kwa moja ndani ya pipa, na siagi yao ilijulikana sokoni kwa weupe.

Tatu, usijaze. Nusu ya pipa, basi. Malai yanahitaji nafasi ya kupigwa.

Sasa unapiga. Juu, chini, unazungusha mchi kidogo kila ukishuka, mwendo mmoja, usikimbie. Mwanzoni sauti ni ya maji: chwaa, chwaa. Dakika kumi hivi inakuwa nzito, kama unakanyaga tope. Mchi unakataa kupanda. Hapo wengi wanakata tamaa, na hapo ndipo umebakiza kidogo. Ghafla sauti inavunjika, maji yanarudi, na mchi unakuwa mwepesi. Ukifungua unaona punje za njano zinaelea, ndogo kama mtama.

SIMAMA. Usiendelee mpaka ziwe donge. Donge limefungia maji ya mtindi ndani yake, na hutayatoa tena. Tia maji ya baridi kidogo ili punje zikaze, piga mara tano sita, halafu chuja.

Nne, kuosha. Unamwaga maji ya kisima yaliyo baridi kwenye punje, unatikisa, unamwaga. Yanatoka meupe. Tena. Tena. Mpaka yatoke kama yalivyoingia. Fundi Jiko, hapa ndipo siagi yako inapofia. Maji ya mtindi yana sukari na protini, vijidudu vinakula humo. Mafuta peke yake hayaozi upesi hivyo.

Tano, chumvi na vibao. Vibao viwili vya mbao vyenye mifereji upande mmoja, kama viganja viwili. Kilo moja ya siagi, gramu 20 za chumvi laini, wengine zaidi. Unakandamiza, unakunja, unakandamiza. Usipake kama unasiliba ukuta, siagi inageuka kuwa grisi. Matone ya maji yanatoka, unayamimina. Unaiacha usiku mmoja, kesho unaikandamiza tena, la sivyo chumvi haijasambaa na siagi inakuwa na mistari ya rangi mbili kama punda milia.

Halafu muhuri. Bibi ana muhuri wa mbao uliochongwa bata maji. Kila nyumba ilikuwa na wake: ng'ombe, ua, jani. Sokoni mteja anaangalia picha anajua ni mikono ya nani.

Fundi Jiko (#6)

Aisee. Nimenyamaza. Kumbe nilikuwa naosha mara moja tena kwa maji ya bomba ya Dar saa nane mchana.

Mama Pwani (#7)

Msukuma nimekupenda bure. Na niseme jambo la lugha: bibi yangu Pangani akisema mtindi hakuwa anamaanisha haya maziwa ya kuganda ya pakiti. Alimaanisha yale yaliyobaki siagi ikishatoka. Kwa hiyo hiyo bláthach yako ina jina lake, tumelihamisha tu sisi wenyewe.

Karanja wa Nyeri (#8)

Swali la haraka. Siagi yangu ni ile ya kopo la bluu na manjano. Hiyo nayo ilisukwasukwa wapi?

Dokta wa Mifugo (#9)

Karanja, hiyo si siagi, ni majarini. Mafuta ya mimea. Majarini ilibuniwa na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès mwaka 1869, wakati huo kwa mafuta ya ng'ombe. Afrika Mashariki tumelelewa tukiita siagi kila kitu kinachopakwa kwenye mkate.

Na kwa mleta uzi, samahani naharibu harusi. Maziwa mabichi yana hatari: kifua kikuu cha ng'ombe, brusela. Atakayejaribu huku nyumbani achemshe kwanza. Nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15, halafu apoze. Vijidudu vizuri vitakuwa vimekufa pia, kwa hiyo arudishe kijiko cha mtindi ulio hai kwenye krimu, aache ichachuke.

Karanja wa Nyeri (#10)

Miaka 41 nimedanganywa na kopo.

Kibuyu Kikavu (#11)

Tuambie rangi. Mbona siagi ya huko ni ya njano kama kiini cha yai? Wanatia rangi?

Msukuma_Cork (#12)

Ni majani. Ng'ombe wa huku anakula nyasi mbichi sehemu kubwa ya mwaka, mvua haikomi na baridi si kali sana. Rangi ya karoti imo kwenye nyasi, inaingia kwenye mafuta ya maziwa. Desemba ng'ombe yuko bandani anakula nyasi kavu, siagi inapauka. Bibi anasema ya Mei na Juni ndiyo siagi, hizo nyingine ni za kusogezea siku.

Na Mei ndiyo mwezi wa vita. Kaeni vizuri.

Wazee wa huku waliamini siagi inaibwa. Si kwa kuvunja mlango, kwa uchawi. Mwizi anatoka alfajiri ya tarehe 1 Mei kabla ya jua, anakusanya umande wa shamba lako kwa kitambaa, na mwaka mzima faida ya maziwa yako inahamia kwake. Wewe unapiga mchi mpaka jioni, povu tupu. Wengine waligeuka sungura wakanyonya ng'ombe usiku. Kwa hiyo siku hiyo hakuna kutoa moto nje ya nyumba, hakuna kutoa maziwa, hata jirani akiomba kaa la kuwashia kiko anaambiwa pole. Walifunga tawi la rowan, mti wa huku wenye matunda mekundu, kwenye pipa, wakaweka kiatu cha punda au farasi chini yake. Visa hivi wanafunzi wa shule za msingi waliagizwa kuvikusanya kwa wazee wao kati ya 1937 na 1939, vimehifadhiwa hadi leo Dublin, na siagi imejaa humo.

Sheria moja bado bibi anaishika. Ukiingia nyumba wanayosukasuka, unasema Mungu abariki kazi, halafu unashika mchi unapiga mara kadhaa. Usipopiga, umeondoka na siagi. Juzi mleta barua amefika na barua ya kusainiwa. Bibi kamwambia, mchi kwanza. Kijana wa watu kavua kofia, kapiga kama ishirini, kasainiwa, kaenda zake. Hakuuliza hata swali moja.

Mpemba wa Muscat (#13)

Hahaha, hiyo kwetu ni husuda tu, jina jingine. Ukiingia unasema mashaallah.

Huku Oman hatukai na siagi, tunaiyeyusha inakuwa samli, tunamimina juu ya harisi, ule uji mzito wa ngano na nyama. Joto hili siagi itakaa wapi? Maji yote yanakauka, mafuta yanabaki, kopo linakaa miezi.

Inyambo (#14)

Mpemba umegusa penyewe. Wao wana baridi na chumvi, sisi tuna moto. Shida ni ile ile, maji yaliyobaki ndani.

Lakini msidharau imani hizo haraka. Ng'ombe anayekaribia kukauka maziwa, chembe za mafuta yake ni ndogo na ngumu, kusukasuka kwake ni mateso. Mtu ana ng'ombe mmoja, mwezi uliopita siagi ilitoka vizuri, leo haitoki, hakubadilisha kitu. Atamtafuta nani kama si jirani?

Dokta wa Mifugo (#15)

Hapo nakubaliana na wewe asilimia mia.

Karanja wa Nyeri (#16)

Mleta uzi, hii siagi ilikuwa ya kula nyumbani tu ama iliuzwa? Nataka kujua kama kulikuwa na pesa.

Msukuma_Cork (#17)

Karanja, pesa? Mji huu wa Cork ulijengwa na siagi.

Mwaka 1770 wafanyabiashara wa Cork walifungua soko la siagi, eneo la Shandon. Wakulima walileta kutoka Kerry na milimani kwa mapipa madogo ya ratili 56, kama kilo 25, kwa farasi na mikokoteni. Kuna barabara mpaka leo zinaitwa barabara za siagi. Mkaguzi anachoma pipa kwa kekee ndefu mpaka chini, anavuta sampuli, ananusa, anaonja, anapiga daraja, la kwanza mpaka la sita. Huwezi kuweka nzuri juu na mbovu chini. Ilitiwa chumvi nyingi sana ikapakiwa melini hadi Karibi, kwenye joto kama letu, ikafika inalika. Nimeenda kwenye jumba la makumbusho pale Shandon, ukiona zile kekee utacheka, zimeumbwa kama za fundi seremala.

Kilichoiua ni mambo kadhaa. Siagi ya Denmark ikaingia Uingereza, safi, chumvi kidogo, kila pakiti sawa na mwenzake. Majarini ikaja kwa bei ya chini. Na mashine ya Gustaf de Laval, Msweden, ya mwaka 1878, inayotenga malai kwa kuzungusha badala ya kusubiri usiku. Mwaka 1889 ushirika wa kwanza wa maziwa ukafunguliwa Dromcollogher, kaunti ya Limerick, vikafuata vingi. Soko la Cork likafungwa 1924. Hiyo Kerrygold mnayoiona dukani ilianza 1962, ni ya viwanda, haina uhusiano na pipa la bibi zaidi ya nyasi.

Lakini hapa bibi ananikatiza kila nikisimulia. Anasema, andika na hili. Siagi ilikuwa pesa ya mwanamke. Baba ana ng'ombe na shamba, ila siagi na mayai mama anauza, na hela inakaa kwenye kopo lake: chai, sukari, viatu vya watoto, sare. Maziwa yalipoanza kwenda ushirika kwa mkokoteni, cheki ilikuja kwa jina la baba. Mama yake aliendelea kusukasuka kila Ijumaa kwa malai aliyoficha. "Hakuyaficha kwa sababu ya siagi," alinambia.

Mama Pwani (#18)

Mpe shikamoo yangu huyo bibi. Mwambie na huku kopo lipo, tunaweka kwenye pipa la mchele.

Kibuyu Kikavu (#19)

Nimesikia waliifukia ardhini pia. Kweli au kijiweni?

Msukuma_Cork (#20)

Kweli. Huku kuna mabwawa ya udongo mweusi wa mboji, wanaukata matofali, wanaukausha, wanawasha jikoni. Chini mle hakuna hewa, ni baridi na asidi, kitu hakiozi. Wakata udongo wamekuwa wakikuta siagi ya kale. Mwaka 2016 kaunti ya Meath lilitoka donge la kilo 10, likakadiriwa umri wa miaka 2000. Limekuwa kama jibini gumu lenye nta. Kama walikuwa wanaihifadhi au wanatoa sadaka, wataalamu wanabishana. Bibi yeye anasema waliisahau.

Fundi Jiko (#21)

Wakuu narudi na taarifa. Nimefanya nyumbani Tabata. Krimu lita moja, nimechemsha kwa nyuzi za Dokta, nikatia vijiko viwili vya mtindi, saa 18 juu ya kabati. Halafu friji. Nimeamka saa kumi alfajiri kabla joto halijaanza, nikatumia chupa kubwa ya plastiki yenye mdomo mpana, nusu tu, nikaitikisa. Kipimajoto cha mtoto hakishuki mpaka 15, nimekisia kwa shavu. Povu, povu, zito, nikataka kuacha. Dakika ya 26 ile sauti. Chwaa! Mke wangu akaamka akidhani bomba limepasuka, nikamwambia njoo utikise kidogo usije ukaondoka na siagi.

Nimeosha mara nne kwa maji ya barafu. Gramu 380. Nimetumia miiko miwili ya mbao. Iko mezani sasa hivi naiangalia. Chumvi nimesahau.

Msukuma_Cork (#22)

Fundi, inyanyue mezani SASA. Tabata hiyo. Rudisha friji nusu saa ikaze, halafu chumvi gramu nane, kandamiza, usipake. Na yale maji ya kwanza kabla ya kuosha umeyamwaga?

Fundi Jiko (#23)

Nimeyanywa.